Kitabu cha ruwaza 23: bado kina thamani, ila si kwenye msimbo wake

Design Patterns: Elements of Reusable Object-Oriented Software kilitoka Addison-Wesley mwaka 1994. Waandishi wake ni Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, wanaojulikana kama Genge la Wanne. Kina kurasa 395, sura sita na ruwaza 23, yaani suluhisho zenye majina kwa matatizo yanayojirudia katika usanifu wa programu: tano za kuunda obijekti, saba za kuziunganisha, kumi na moja za kugawana kazi kati yake. Majina ya ruwaza nitayaacha yalivyo, maana ndivyo utakavyoyakuta kwenye msimbo wa watu.

Mifano yake ni ya C++ na Smalltalk. Mtu wa Java, Kotlin au Python akikifungua leo huona msimbo umezeeka, akakifunga. Hapo anapoteza sehemu iliyo bora kuliko zote.

Kila ruwaza imeelezwa kwa vipengele 13 vilevile, kuanzia jina hadi ruwaza zinazohusiana nayo. Wengi hutazama mchoro, wakanakili mfano, wakaondoka. Mchoro ndio unaopotosha: mchoro wa State na ule wa Strategy ni kama pacha, na Decorator na Proxy zinakaribiana vilevile. Tofauti iko kwenye kusudi: State hubadili tabia ya obijekti hali yake ikibadilika, Strategy hukuwezesha kuchagua mbinu ya kufanya kazi; Decorator huongeza kazi, Proxy hudhibiti ufikiaji wa obijekti. Vipengele vya kusoma kwa kalamu mkononi ni matokeo na utekelezaji, kwa sababu humo ndimo gharama ya kila ruwaza inamotajwa waziwazi.

Chukua Observer. Wazo lenyewe ni jepesi: obijekti moja ina orodha ya wasikilizaji, na hali yake ikibadilika inawaarifu wote. Kitabu hakiishii hapo. Kinaonya kwamba badiliko dogo linaweza kuzusha msururu wa masasisho ambao hakuna aliyeutarajia. Kinaonya pia juu ya kuarifu kabla ya wakati: klasi ya mtoto inaita methodi ya mzazi, mzazi anatuma taarifa, na mtoto bado hajamaliza kubadilisha hali yake, hivyo wasikilizaji wanasoma data nusu. Dawa wanayoitoa ni kuifunga kazi ndani ya Template Method, ruwaza ambamo mzazi hupanga hatua na mtoto hujaza baadhi yake, taarifa itumwe kwenye hatua ya mwisho kabisa. Kosa hilo hutokea hadi leo, na ni gumu kulinasa kwa sababu programu haianguki. Inaonyesha tu namba isiyo sahihi. Kwenye Android ongeza hili: skrini iliyojisajili kusikiliza isipojiondoa inapofungwa, orodha inaendelea kuishikilia na kumbukumbu haiachiliwi.

Sehemu dhaifu ni Singleton, ruwaza inayohakikisha klasi ina obijekti moja tu. Mfano wa kitabu unakagua kama obijekti ipo, na kama haipo unaiunda. Nyuzi mbili, yaani kazi mbili za programu zinazokwenda sambamba, zikifika pamoja, zote zinaona haipo, zinaundwa mbili. Kwenye C++11 na kuendelea, kigeu tuli (static) ndani ya funksheni kinatatua hilo. Kwenye Java, enum (aina ya data yenye orodha maalumu ya thamani) yenye thamani moja inatosha. Lakini tatizo kubwa ni majaribio: klasi inayojichotea yenyewe Singleton haiwezi kupewa mbadala wa kujaribia. Unda obijekti moja mwanzoni mwa programu, kisha ipitishe kwenye konstrakta. Kwangu hii ndiyo ruwaza ya kujifunza ili uitambue, si ili uitumie.

Adapter, ruwaza ya kutafsiri kiolesura kimoja kuwa kingine, kinyume chake, haijachakaa hata kidogo. Mfumo wa duka unaopokea M-Pesa na Airtel Money unahitaji kiolesura kimoja cha malipo, na adapta moja kwa kila mtandao ya kutafsiri majina ya sehemu, muundo wa namba za simu na misimbo ya makosa. Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kuingiza kanuni za biashara, kama punguzo la bei, ndani ya adapta. Ukiongeza mtandao wa tatu unalazimika kuzinakili. La pili ni kiolesura kinachorudisha ndiyo au hapana papo hapo. Ombi likitumwa kwenye simu ya mteja, jibu la kwanza linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Matokeo huja baadaye, mteja akishaweka namba ya siri. Kiolesura lazima kiwe na hali ya tatu, inasubiri, la sivyo mzigo utatoka kabla ya pesa kuingia.

Zipo ruwaza ambazo lugha zenyewe zimezimeza. Mwaka 1996 mwanasayansi wa kompyuta Peter Norvig alionyesha kwamba 16 kati ya 23 huwa nyepesi zaidi au hazionekani kabisa kwenye lugha kama Lisp na Dylan. Iterator, ya kupitia vitu kimoja kimoja, sasa ni kitanzi cha kawaida. Strategy yenye methodi moja, tangu Java 8 ya 2014, ni lambda (funksheni isiyo na jina) ya mstari mmoja. Kuiandikia klasi nne ni kumchosha atakayeusoma msimbo.

Michoro ya klasi ni ya OMT, mfumo wa alama za kuchora programu, kwa kuwa UML, mfumo uliozoeleka leo, ilikuwa haijasanifishwa. Pembetatu kwenye mstari ni urithi, na duara jeusi kwenye ncha ya mshale ni zaidi ya moja. Nyuzi sambamba na mifumo iliyosambaa haimo, na waandishi wanasema hivyo mapema. Usikinunue kwa ajili hiyo.

Kwa anayeanza kujifunza klasi na urithi, kitabu hiki ni kizito mno. Kinamfaa aliyekwisha kuandika programu na kuteseka kuibadilisha. Asome sura ya kwanza, hasa hoja ya kupendelea kuunganisha obijekti kuliko kurithi, kisha ya pili, ambamo kihariri cha hati kiitwacho Lexi kinajengwa kwa ruwaza nane. Baada ya hapo ashike nane ambazo waandishi wenyewe wanampendekezea mgeni: Abstract Factory, Adapter, Composite, Decorator, Factory Method, Observer, Strategy na Template Method. Zilizobaki zisubiri tatizo litakalozihitaji.