Sabufa au hedifoni kwenye chumba cha kupanga?

Nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam, kuta za vyumba haziendi mpaka kwenye bati. Ukikohoa, mpangaji wa chumba cha tatu anakupa pole.

Mwenye sabufa hudhani akipunguza sauti kamaliza kazi. Wapi! Sauti nyembamba ya mwimbaji hufifia ikigonga ukuta, lakini besi hupenya tofali. Jirani hausikii wimbo. Anasikia du-du-du, na vikombe vyake vinacheza kabatini. Kwa hiyo shusha besi kwanza, ndipo ushushe sauti. Iondoe sabufa sakafuni, ikalie kipande cha godoro la sponji, mbali na ukuta mnaochangia. Yale matrei ya mayai watu wanayobandika ukutani hupunguza mwangwi wa ndani tu, jirani hayamsaidii kitu.

Hedifoni haina kesi na mtu, hata saa nane usiku. Ubaya wake ni kwamba hodi huisikii, na maji yakitoka bombani utaambiwa ndoo za wenzako zimeshajaa. Masikio nayo yana kikomo: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda unavyopungua.

Mimi usiku ni hedifoni, tena sikio moja. Sabufa naiwasha Jumamosi mchana, nikifua, wakati uani kila mtu ana redio yake.