Niliusikiliza mnara wa redio wa Tate Modern

Nilishauona mnara huu wa Tate Modern, jumba la sanaa la London, kwenye simu mara nyingi, picha za watu waliokwenda huko, nikajua naujua. Kumbe bado. Kazi yenyewe nusu yake ni sauti, na picha haisemi.

Inaitwa Babel. Aliyeitengeneza ni Cildo Meireles, Mbrazili aliyezaliwa Rio de Janeiro mwaka 1948, na ni ya mwaka 2001. Ni redio za mtumba, mamia kwa mamia, zimepangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, hadi kufika kama mita tano. Zote zinawaka. Kila moja ina stesheni yake, na sauti imeteremshwa mpaka pale ambapo ukiiteremsha tena kidogo hutasikia kitu. Chumba kina giza la buluu. Ndani ya buluu hiyo kuna vimwanga vya redio zenyewe, njano, kijani, vyekundu, kama kijiji kinavyoonekana usiku ukiwa ng'ambo ya bonde.

Mlangoni nilisikia mvumo tu, mfano wa Kariakoo ukiwa bado mtaa wa pili. Nikasogea. Hapo mvumo ukaanza kuachana: mtangazaji wa mpira, mwanamke anacheka, gitaa, lugha nisiyoijua, mkwaruzo. Nikirudi hatua mbili, vyote vinamezana tena. Nilienda mbele na kurudi nyuma hivyo kwa muda mrefu, mtoto wa kaka yangu ananisubiri pembeni. Mwisho akaniuliza, "Shangazi, unatafuta stesheni?"

Ni kweli nilikuwa natafuta. Redio za chini ni zile kubwa za zamani, za mbao, kitambaa mbele na kioo chenye majina ya miji. Kila ukipanda zinakuwa ndogo na mpya zaidi, mpaka za plastiki kule juu, na ndiyo maana ukiinua kichwa mnara unaonekana mrefu kuliko ulivyo. Mimi niliishia chini. Nilichuchumaa mbele ya moja inayofanana sana na ya babu yangu kule Tukuyu. Ya babu ilifunikwa kitambaa cha kufuma na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Betri zikichoka alizianika juani, juu ya bati, jioni anazirudisha na kuzungusha kitufe polepole, sikio limegusa redio, sisi tumenyamaza wote mpaka taarifa ya habari iishe. Ilikuwa redio moja, na nyumba nzima inasikiliza. Hapa nilisimama mbele ya redio ambazo hata kuzihesabu sikuweza, na nilichoambulia ni vipande vya maneno.

Meireles mwenyewe aliuita "mnara wa kutoelewana", na jina Babel limetoka kwenye kile kisa cha mnara wa Babeli katika kitabu cha Mwanzo, pale lugha za watu zilipovurugwa wasielewane. Suala la ujumbe kumfikia mtu halikuanza kwake hapo: mwaka 1970, Brazil ikiwa chini ya wanajeshi, alibandika maandishi ya kisiasa kwenye chupa za Coca-Cola na kuzirudisha kwenye mzunguko, ziende zisomwe na asiowajua. Nadhani ukilijua hilo unauangalia mnara kwa jicho jingine. Siuoni kama unazibeza redio. Nauona kama kazi ya mtu anayejua thamani ya sauti moja inayosikika vizuri.

Kiswahili sikukisikia. Nilizunguka mnara mara tatu nikitega sikio. Iliniuma, kwa sababu sauti za Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, kwa miaka mingi zilirushwa kutoka mji huohuo, kwenye jengo la Bush House, ng'ambo ya Mto Thames. Lakini mnara hauna kanda iliyorekodiwa. Unanasa kilichopo hewani saa ile, kwa hiyo nilichosikia mimi wewe hutakisikia, na pengine wewe ndiye utakayebahatika.

Kwa anayetaka kwenda: makusanyo ya kudumu ya Tate Modern hayana kiingilio, na jengo liko ukingoni mwa mto, lilikuwa kituo cha kufua umeme. Angalia kwanza kama kazi hii imewekwa siku hizo, maana vitu hubadilishwa. Nenda asubuhi siku ya kazi. Siku yangu wengi waliingia, wakapiga picha, wakatoka kabla hata macho hayajazoea lile giza. Tenga nusu saa, simu iwe mfukoni. Kama una mzee aliyekulia na redio ya betri, mpeleke, na umwache achague mwenyewe ile atakayoisogelea.