Sevisi ya mashine ya CNC Arusha: biti zao safi, fundi sasa!

Kama una kamashine ka CNC ka mezani, kale ka kuchonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta, na unafikiria kukapeleka sevisi kwenye lile duka la vifaa vya mafundi pale mjini, soma hii kwanza. Jina silitaji, ila wenye karakana hapa Arusha mtakuwa mshalijua.

Nilipeleka yangu wanibadilishie koleti (kile kibomba chenye mipasuo kinachobana biti ya kuchongea) na nati ya spindo (ile sehemu inayozungusha biti) maana za zamani zilishachoka, kazi ndogo tu. Yule kijana akachukua koleti mpya akaitumbukiza moja kwa moja kwenye spindo, akachomeka biti, ndo akaja na nati kufungia juu. Nikamwambia kaka samahani, hii ni koleti ya aina ya ER11, inaanza kukaa kwenye nati, unailaza kidogo unaibonyeza mpaka isikike tak, ile pete ya ndani ya nati iingie kwenye mfereji wa koleti, ndo unachomeka biti na kufunga. Na mle kwenye spindo hata kufuta hakufuta, vumbi la mbao limeganda naliona kabisa. Unajua alinijibu nini? "Sista, hapa fundi ni wewe au mimi?" Mbele za wateja! Akakaza na spana kwa nguvu zake zote, akaniambia nikifungua tu garantii imekufa.

Nikaondoka nayo hivyo hivyo. Nina oda ya vibao vya namba za vyumba, lodge moja Usa River, mbao ni mninga ambao nimeuhangaikia kweli kuupata. Kuwasha tu mlio siyo, biti inayumba, mchongo unatoka mpana kuliko mchoro na kingo zimechanika, na kabla sijafikia kitufe cha dharura biti ikakatika, kipande kikabaki ndani ya namba 8. Nafungua nati, inatoka peke yake, koleti imeng'ang'ania kwenye spindo, maana ile pete ndo huwa inaivuta itoke na hapo haikuwahi kuishika. Kuja kuitoa, ukingo wa mfereji wote umepondeka. Koleti mpya!

Nikarudi nayo. Eti umefungua, garantii hakuna. Jamani nilitetemeka. Sasa ningejuaje tatizo bila kufungua?

Niseme haki, biti zao za kabaidi ni nzuri, zile za milimita 3.175 nimechongea mpaka mpingo na zikatulia, na mama wa kaunta ana lugha nzuri sana, kwa hiyo kununua vitu nendeni tu. Sevisi ndo msipeleke. Au pelekeni siku yule kijana hayupo... hapana, hata kama hayupo, maana bosi wake alikuwa amesimama pale pale anasikia yote na hakufungua mdomo! Na kununua kwenyewe mimi siendi tena, nitaagiza hata Dar.

Koleti nyingine nimefunga mwenyewe. Nimefuta spindo kwa kitambaa kikavu, nikapitisha brashi kwenye mipasuo ya koleti, mkia wa biti umezama vizuri bila meno kubanwa, nikaweka upya sifuri ya Z, yaani kimo ambacho biti inaanzia kuhesabu kina. Mlio umerudi ule wa kawaida na vibao vimetoka safi, wenye lodge wameshachukua. Hela ya koleti na ya ule mninga bado nalidai lile duka, na nitaenda kuidai pale pale mbele za wateja.