Taka za shuleni: kuchoma au kutengeneza mboji?

Shule nyingi za msingi Tanzania zina shimo nyuma ya madarasa. Watoto wakishafagia, majani, maganda ya ndizi na plastiki hutupwa humo, kiberiti kinawashwa. Ni haraka na haigharimu kitu. Ila moshi wa plastiki una sumu, na wa kwanza kuuvuta ni watoto wenyewe.

Mboji inataka subira. Majani makavu, maganda na mabaki ya jikoni hupangwa kwa tabaka pamoja na samadi, hunyunyiziwa maji na kugeuzwa mara kwa mara. Baada ya miezi mitatu hivi kuna mbolea nyeusi ya kuweka kwenye bustani ya mchicha, na mtoto ameona kwa macho yake namna ganda linavyooza. Somo la sayansi gani la ubaoni litalifikia hilo?

Chupa haziozi, kwa hiyo zitengwe tangu darasani na kuuzwa kwa wanaonunua plastiki chakavu. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 ilipunguza mzigo huo, haikuumaliza.

Ningechagua mboji bila kusita, hata penye uhaba wa maji: rundo liwe kivulini, lifunikwe kwa majani ya migomba.