Uzoefu wangu: pampu ya mkono ya kutolea petroli iliyolala

Tangu mitambo ya umeme ya Bwawa la Nyerere ianze kuwashwa mwaka 2024, jenereta yetu hapa Tabata imegeuka meza ya kuwekea ndoo. Petroli ikalala humo humo. Nilipofungua kifuniko ilikuwa na harufu ya vanishi na rangi ya strungi. Mafuta ya hivyo hayafai kuwashia mashine: utando wake unaonata huziba matundu madogo ya kabureta.

Nikanunua Kariakoo pampu ya mkono, ile yenye puto la mpira katikati na mirija miwili ya mpira inayoonyesha ndani. Shilingi 15,000. Fundi wetu huvuta kwa mdomo, na hilo silitaki nyumbani kwangu. Funda dogo likipitiliza kwenye mapafu ni kulazwa, na aliyemeza petroli hatapishwi.

Matumizi ni rahisi. Mshale wa kwenye puto uelekee dumu, dumu likae ardhini, chini ya usawa wa tangi. Unabinya kidogo, mafuta yakianza kushuka yenyewe unaacha. Nilifanyia nje, mashine imepoa, na nilimwomba jirani azime jiko lake la mkaa kwanza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi kwenye moto. Chupa za maji msitumie kuwekea petroli, jamani, kuna watoto.

Kasoro yake: mpira ni mgumu, haufiki kwenye kona za tangi. Masalia niliyatoa kwa kufungua boliti ya chini ya kikombe cha kabureta. Ila kwa kuwa mpira unaonyesha ndani, niliona mafuta yanapoishia na maji na uchafu vinapoanzia, nikabadilisha dumu.

Madumu yote mawili nimempa mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali. Kumwaga mtaroni hapana: petroli huelea juu ya maji, na cheche moja inatosha kuiwasha. Wala usiichanganye na oili chafu, wanaokusanya oili wataikataa yote.

Nyota nne kwa jenereta na pikipiki. Kwa magari mengi ya kisasa usijisumbue, shingo ya tangi ina kizuizi na mpira haupiti.