Rangi za vyumba vya nyumbani, kuanzia ya kununua kwanza

Kadi ya rangi unayopewa dukani ina vipande vidogo kuliko kiberiti, tena vimezungukwa na karatasi nyeupe. Ukutani mambo hubadilika: ukuta mmoja huurushia mwingine rangi yake, na kuta zote mbili hukolea. Kwa hiyo ukipenda kipande fulani kwenye kadi, chukua kinachokizidi kwa weupe hatua moja. Usinunue ndoo bado. Nunua kopo dogo, paka mikono miwili (yaani tabaka mbili za rangi) juu ya hadibodi ya sentimita 60 kwa 60, isimamishe ukutani na uihamishe kila upande wa chumba. Iangalie saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri, na usiku taa ikiwaka.

Taa ndiyo inayosahaulika sana. Kwenye boksi la balbu kuna namba yenye herufi K: 2700 hadi 3000 ni mwanga wa njano, 6500 ni mweupe unaoelekea bluu. Krimu iliyopendeza mchana, chini ya 6500 hupooza kama maziwa yaliyotiwa maji. Amua balbu kwanza, ndipo uamue rangi. Angalia pia dirisha limeelekea wapi. Kwa Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, jua la mchana huwa upande wa kaskazini tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kwa hiyo chumba chenye dirisha la kusini peke yake kina kiza kidogo miezi hiyo. Dirisha la magharibi huingiza jua la alasiri lenye joto na wekundu.

Ya kwanza kwetu ni krimu, ile ya maziwa isiyo na unjano mwingi. Inarudisha mwanga karibu kama nyeupe, lakini vumbi na alama za mikono hazionekani haraka. Inafaa sebule, korido na chumba chochote chenye kiza. Mwambie anayechanganya kwa mashine kwamba unataka iliyotiwa tone la kahawia, kwani yenye njano nyingi huonekana kama ukuta uliozeeka.

Ya pili ni kijani cha majivu, kwa vyumba vya kulala. Sababu ni samani: mninga na mkongo zina kahawia yenye wekundu, na kijani kilichofifia huufanya mti huo ung'ae bila kuushindania. Kwenye chumba cha magharibi hutuliza mwanga wa alasiri kuliko rangi nyingine yoyote tunayoijua.

Kijivu ni cha tatu, kwa sharti moja: kiwe na ukahawia ndani yake. Kijivu cha nyeupe na nyeusi tupu, chini ya taa ya 6500, hufanana na lipu ambayo haijapakwa kitu. Samawati hafifu inafuata. Iweke bafuni au kwenye chumba kinachopata jua jingi.

Nyeupe kabisa tunaiweka ya tano, nayo ni ya dari. Huko nunua isiyong'aa. Rangi yenye mng'ao hufichua kila wimbi na kila kiungo cha jipsamu, hasa usiku taa ikipiga kwa upande.

Ya mwisho ni rangi kali: damu ya mzee, njano ya haradali, bluu iliyokolea. Hatuzikatazi, ila ziwe ukuta mmoja tu, nyuma ya kitanda au ya televisheni. Rangi hizi huchanganywa kwenye besi (rangi ya msingi kabla ya kutiwa rangi kwa mashine) yenye titani kidogo, ule unga mweupe unaoifanya rangi ifunike. Ndiyo maana fundi anapiga mikono miwili na bado unaona ukuta wa zamani. Hesabu mitatu au minne, na anza na andakoti (rangi ya kutangulia chini) ya kijivu badala ya nyeupe. Kwa rangi ya mafuta ya njano, chungwa au nyekundu, soma kopo kama limeandikwa halina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa milioni, na rangi hizo ndizo ambazo kwa kawaida zilitiwa risasi. Kwenye chumba cha mtoto usikubali kopo lisilo na maelezo hayo.

Sasa aina ya rangi, maana rangi nzuri kwenye kopo lisilofaa ni hasara. Chumba cha kulala: rangi ya maji isiyong'aa. Sebule na korido: silki, yaani rangi ya maji yenye mng'ao kidogo, kwa sababu inafutika kwa kitambaa chenye maji. Jikoni na chooni wengi hukimbilia rangi ya mafuta, na hapo ndipo panapoharibika. Lipu mpya ya saruji ina alikali kali. Ikikutana na mafuta yaliyomo kwenye rangi huyageuza kuwa kitu kama sabuni. Rangi hunata, kisha hubanduka vipande. Tumia silki inayooshwa, yenye dawa ya kuzuia ukungu. Ukitaka mafuta kwa zile mita 1.2 za chini za korido, tanguliza praima ya kuzuia alikali.

Lipu mpya isubiri siku 28. Kabla ya kununua chochote, bandika nailoni ya nusu mita kwa nusu mita ukutani, uzibe kingo zote kwa utepe wa karatasi wenye gundi, uiache saa 24. Ukikuta matone ndani, ukuta bado una maji. Ukiona unga mweupe wa chumvi, jambo la kawaida majumba ya pwani, upanguse kwa brashi kavu. Usiuoshe, kwani maji huiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani.

Kiasi cha kununua kipimwe. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye ukuta wa mita 2.8 kina mita za mraba 42. Toa mlango na madirisha mawili ya kawaida, zinabaki kama 36. Mikono miwili ni 72. Juu ya lipu iliyopigwa puti (ya kulainisha ukuta) vizuri, lita moja hufunika mita za mraba 9 hivi, kwa hiyo unahitaji lita 8: galoni mbili za lita 4. Bila puti, lipu hunywa rangi, ongeza galoni. Simama karibu wakati wa kuchanganya na maji. Makopo mengi huruhusu asilimia 10 hivi, na fundi anayeifanya lita 20 kuwa 30 anakuachia ukuta wenye mabaka na unaoacha unga mkononi.

Nunua makopo yote siku moja, yenye namba moja ya uzalishaji, na uyachanganye kwenye ndoo moja kubwa kabla ya kuanza. Inayobaki imimine kwenye chupa ya nusu lita ijae hadi mdomoni, ubandike juu yake namba ya mchanganyo na jina la chumba, uiweke mbali na jua.