Cherehani nyeusi ya kukanyaga: inaweza nini nyumbani, na inakwama wapi

Ingia duka lolote la cherehani River Road jijini Nairobi na utaonyeshwa kwanza ile nyeusi yenye nakshi za dhahabu, imekaa juu ya meza ya mbao na stendi ya chuma. Butterfly kutoka Shanghai ndilo jina linalojulikana zaidi, lakini yapo mengine mengi yenye umbo lilelile, kwa sababu karibu zote zinafuata muundo wa Singer 15 ulioanza karne ya 19. Ndiyo maana kwa kawaida bobini (kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini), kasha la bobini na sindano za hii huingia kwenye ile. Hapa ninaipima aina hiyo nzima, kwa mtu anayeshonea nyumbani: nguo za watoto, mapazia, foronya, vitambaa vya makochi, na mitumba ya soko la Gikomba inayohitaji kupunguzwa.

Kwa kitambaa kisichovutika, sijaona mashine ya nyumbani inayoishinda kwa bei yake. Inapitisha kitenge, drili, jinzi na turubai jepesi bila kulalamika, haijali stima ikipotea, na hitilafu zake nyingi unazimaliza mwenyewe kwa bisibisi mbili na brashi. Lakini inashona mshono mmoja tu, ule ulionyooka. Haina zigizaga, haitoboi vitundu vya vifungo, na fulana ukiishonea ovyo, uzi utakatika siku ya kwanza mtu akiipitisha kichwani. Ukitaka biashara ya tisheti na nguo za michezo, tafuta mashine nyingine.

Usiinunue kwa kuitazama. Nenda dukani na vipande vya kitenge, kipande cha jinzi, na nyuzi za rangi mbili: nyekundu iende juu, nyeupe kwenye bobini. Zungusha gurudumu kwa mkono, likija upande wako, na uangalie sindano ikishuka: ipite katikati ya tundu la bamba bila kugusa kingo. Shika mhimili wa sindano kwa vidole uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, mashine imechakaa au imefungwa vibaya hata kama rangi inang'aa. Kisha shona kitenge kilichokunjwa mara mbili. Upande wa juu uone nyekundu tu, chini uone nyeupe tu. Nukta nyekundu zikionekana chini, uzi wa juu umelegea. Nyeupe zikipanda juu, uzi wa juu umekazwa mno. Muuzaji akirekebisha kwa kugeuza kokwa ya visahani vya kukazia uzi na mambo yakakaa sawa, hilo si tatizo. Lisilokubalika ni mashine kuruka stichi kwenye kitenge cha kawaida ilhali sindano ni mpya. Malizia na mikunjo minne ya jinzi, polepole.

Angalia pia kimpira cha kujazia bobini. Kikiwa kigumu au kimepasuka, bobini itajaa kwa kulegea, na uzi uliolegea kwenye bobini huharibu mshono hata kila kitu kingine kikiwa sawa. Bei waulize kwa mafungu: kichwa peke yake, meza, stendi. Kichwa kina zaidi ya kilo 10 na ndicho cha kulipia vizuri. Stendi iliyotumika ni sawa kabisa mradi isiyumbe na pedali isigonge.

Sasa matatizo. Lalamiko la kwanza la wanaoanza ni lile bonge la uzi chini ya kitambaa. Wengi hukimbilia skrubu ya kasha la bobini, na hapo ndipo wanapoharibu mashine iliyokuwa nzima. Bonge la chini karibu kila mara linatoka juu: uzi haukuingia katikati ya visahani, au haukupita kwenye mkono wa kuvutia uzi. Inua mguu wa kubana kitambaa kabla ya kupitisha uzi, maana ukiwa chini visahani vimebanana na uzi unakaa juu juu. Anza kushona mkono wa kuvutia uzi ukiwa umefika juu kabisa, vuta nyuzi zote mbili kwa nyuma kiasi cha sentimita 10, na uzishike kwa stichi tatu za kwanza. Sababu ya pili ni ya kukanyaga: pedali ikianza kinyume, gurudumu linarudi nyuma na uzi unajisokota kwenye ndoana, ile inayozunguka chini na kuudaka uzi wa juu. Daima anzisha gurudumu kwa mkono, kisha miguu ifuate. Fanya mazoezi bila uzi, kwenye karatasi, mpaka miguu izoee.

Kasha la bobini lina kipimo chake rahisi. Liinue kwa ncha ya uzi wake likining'inia hewani. Lisiteremke lenyewe, ukilishtua kidogo kwa mkono, lishuke sentimita chache na kusimama. Likidondoka, kaza ile skrubu ndogo kwa robo mzunguko au pungufu. Likikataa kabisa kushuka, toa uchafu chini ya kile kibati kinachobana uzi kwa ncha ya karatasi ngumu kabla ya kulegeza chochote.

Sindano ni zile za kawaida za nyumbani, zenye upande mmoja bapa, zinazoandikwa 130/705H au 15x1. Namba 75/11 ni ya bitana na shifoni, 90/14 ya kitenge na pamba, 100/16 ya jinzi, 110/18 ya turubai. Mfereji mrefu wa sindano utazame upande uzi unakoingilia, na ule upande bapa uwe upande wa pili. Ukiigeuza, ndoana haiupati uzi na hakuna stichi hata moja itakayofungika. Isukume hadi ifike juu kabisa kabla ya kukaza skrubu. Badilisha kila baada ya saa nane hivi za kushona, au mara tu inapoanza kugonga kitambaa kwa sauti ya "tuk, tuk". Na sindano ikigonga zipu ya chuma kisha mashine ikaanza kuruka stichi hata baada ya kuweka sindano mpya, yaelekea mhimili wake umesukumwa juu. Hiyo ni kazi ya fundi, ya dakika chache: hufungua kifuniko cha mbele, hulegeza skrubu moja na kuurudisha ulipokuwa.

Uzi wa polyesta 40/2 wa koni unatosha karibu kazi zote. Koni isikae juu ya mashine. Iweke kwenye kikombe nyuma ya meza, uzi upande juu wima. Kitenge kifue na ukipige pasi kabla ya kukata, maana huingia majini kikasinyaa, na ule wanga wa kiwandani huipinga sindano. Urefu wa stichi uwe milimita 2.5 kwa kitenge, 3 hadi 3.5 kwa jinzi, 4 kwa kukusanya marinda.

Pindo la jinzi lina mahali pamoja pa hatari, pale mshono wa ubavuni unapokutana na mkunjo. Mguu unainama, meno yanayosukuma kitambaa kutoka chini yanakosa kushika, stichi zinakuwa fupi kisha sindano inapinda na kuvunjika. Ponda kile kibonge kwa nyundo. Ukikikaribia, kunja kipande kingine cha kitambaa hadi kifikie unene uleule, ukiweke nyuma ya mguu ili ukae sawa, na upite hapo kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono.

Wanaofuma kwa kroshia au sindano mbili huwa wanaogopa kuipeleka kazi yao kwenye cherehani hii, na ninaelewa kwa nini: mguu huingia kwenye matundu na meno huvuta nyuzi chini. Dawa ni karatasi. Weka ukanda wa karatasi nyembamba chini ya kazi na mwingine juu yake, legeza skrubu ya mgandamizo iliyo juu ya mhimili wa mguu, weka stichi ya milimita 3, shona, kisha chana karatasi polepole ukiivuta sambamba na mshono. Kwa njia hiyo unaweza kutia bitana kwenye mkoba wa kroshia au kuunganisha vitambaa vya makochi na mpaka wa pamba. Sweta ya shule iliyo kubwa nayo inapunguzika: shona mistari miwili kwa karatasi, ikiachana milimita 5, ukitumia stichi fupi ya milimita 2, na ndipo ukate nje ya mistari hiyo. Ukikata kwanza, nyuzi zinaanza kufumuka mkononi mwako. Usisahau kurudisha mgandamizo, la sivyo kitenge kitaenda mrama siku inayofuata.

Kwa fulana tumia sindano yenye ncha butu, kivute kitambaa kidogo sana mbele na nyuma unaposhona, na upite mshono mara mbili. Itavumilia shingo pana na mikono mipana. Shingo ya kubana, hapana.

Kingo zinazochanika zina njia mbili. Ya kwanza ni kubeba vipande kwa fundi mwenye ovaloki, mashine ya kufunga kingo kwa uzi. Karibu kila mtaa wa Nairobi hakosi mmoja, na anapiga nguo nzima kwa muda mfupi. Ya pili ni mshono wa kuficha kingo. Kata ukiacha sentimita 1.5. Shona kwanza migongo ya kitambaa ikitazamana, milimita 7 kutoka ukingoni. Punguza ukingo ubaki milimita 3, piga pasi, geuza nyuso zitazamane, ushone tena milimita 8. Kwa foronya na nguo za watoto mimi ninauona huu ni bora kuliko ovaloki, kwa sababu ndani hakuna kinachokwaruza.

Mafuta yawe ya cherehani, yale meupe mepesi. Mafuta ya kupikia huganda na kuifanya mashine iwe nzito kama imefungwa breki. Tone moja kwenye kila tundu na moja kwenye njia ya ndoana, baada ya kutoa vumbi la uzi kwa brashi, kisha shona kwenye kitambaa chakavu mpaka kisitoke na doa. Mkanda wa ngozi ukilegea na kuteleza, toa kibanio, kata sentimita moja, toboa tundu jipya na ufunge. Usikaze kupita kiasi. Pedali itakuwa nzito na magoti yatakuambia.

Kwenye nyumba za ghorofa, weka vipande vya mpira mnene chini ya miguu ya stendi, maana mtikiso unashuka moja kwa moja kwa jirani wa chini. Mota inaweza kufungwa nyuma ya kichwa baadaye, na inaharakisha mapazia marefu. Nisingeifunga kabla mtu hajajua kona na mikunjo, kwa kuwa kwa miguu unaweza kushona stichi moja na kusimama hapohapo. Ukiifunga, toa mkanda wa ngozi kabisa, na mwambie fundi aache nafasi ya kuurudisha siku ambayo stima haipo.